Kukusanya Magari ya Moshi ya Kuchezea ya Zamani



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike machache juu ya kazi ninayoifanya nyakati za faragha, nami nimekubali kwa furaha, ingawa najua ya kuwa baadhi yenu mtacheka. Wako watu wakusanyao stampu, na wako wakusanyao sarafu. Katika siku zangu palikuwa na mvulana mmoja bwenini kwetu aliyekusanya vifuniko vya chupa za soda, akavificha chini ya godoro, hata alipogeuka usiku sote tuliamka. Mimi nakusanya magari ya moshi ya kuchezea ya zamani. Sasa mvi zimenijaa, na kila Jumapili alasiri nakaa chini na brashi ndogo, napangusa injini za bati. Basi chekeni kwanza, kisha msome, kwani katika kazi hii nimejifunza mambo ambayo sikuyapata darasani.

Kwanza nieleze magari yenyewe. Si vile vitu vya plastiki viuzwavyo kando ya barabara, ambavyo havimalizi juma moja. Ninasema juu ya mifano iliyotengenezwa na mafundi kwa bati, shaba na chuma cha kusubu, hasa toka miaka ya 1890 mpaka miaka ya 1960, katika Ujerumani, Uingereza na Marekani. Iliuzwa kwa seti: injini moja, mabehewa mawili au matatu, na vipande vya reli vilivyounganishwa kuwa duara. Aliyetaka zaidi alinunua stesheni, daraja, na mtu wa bendera asiyezidi urefu wa kidole. Injini nyingine huendeshwa kwa springi: mtu huzungusha ufunguo kama wa saa ya mezani, springi hujikunja, na ikiachiliwa hujikunjua na kuzungusha magurudumu. Nyingine huenda kwa umeme upitao katika reli. Na chache huenda kwa mvuke wa kweli, kwa spiriti iwakayo chini ya chungu kidogo cha maji.

JINSI NILIVYOANZA

Nilizaliwa Tororo, katika zile nyumba za wafanyakazi wa reli tuziitazo landi. Baba alikuwa akigeuza njia pale stesheni, na sisi watoto tulijua saa kwa ngurumo za treni. Tulitengeneza magari yetu wenyewe kwa makopo ya samaki, magurudumu yakiwa vifuniko vya chupa. Nilipoingia kidato cha kwanza katika shule yetu hii, mwaka 1972, niliketi dawati moja na kijana wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa karani wa reli. Sikukuu moja alinikaribisha kwao. Mama yake alitupa chai ya tangawizi, kisha rafiki yangu akatoa boksi jekundu toka juu ya kabati, akalifungua sakafuni. Ndani mlikuwa na injini ya kijani, mabehewa matatu ya mizigo, duara la reli na ufunguo mmoja. Baba yake alinunuliwa vitu hivyo Nairobi alipokuwa mtoto. Tulilala kifudifudi mpaka jua likatua, tukiipisha injini ile chini ya viti.

Mwezi wa Agosti mwaka uo huo serikali ya wakati ule iliamuru watu wengi wenye asili ya Asia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Wazee wenu wanaikumbuka habari hiyo. Wengi walitoka na mizigo michache sana. Jioni moja rafiki yangu alikuja landi na boksi lile kwapani. Alisema, “Ndugu yangu, nishikie mpaka nitakaporudi.” Baba yangu aliyasikia maneno hayo. Rafiki yangu alipokwisha kwenda, akaniambia, “Mwanangu, hiyo ni amana. Si yako.”

Nami sikuiharibu kwa ubaya. Niliiharibu kwa mapenzi. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka pembeni, nami nikaona aibu kwamba mwenye mali atarudi aikute imechakaa. Nikatafuta msasa, nikaikwangua yote, nikaipaka rangi ya damu ya mzee iliyobaki baada ya kupaka mageti. Injini kubwa za reli yetu zilikuwa na rangi kama hiyo, basi nikaona nimeipamba. Tena nikaiandika namba nne kwa rangi nyeupe. Boksi nalo lilikuwa limelowa kwa mvua na kupasuka, na siku moja mama alipokosa karatasi ya kuwashia sigiri, mimi mwenyewe nilimpelekea boksi lile. Likawaka vizuri sana.

Mwaka 1984 nilipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Niliifunga injini katika sweta, nikaitia sandukuni, kwa tumaini la kumwona mwenyewe huko. Sikumwona. Lakini Jumamosi moja niliingia katika jumba palipokuwa na soko la vitu vya kuchezea vya zamani, nikamwonyesha mzee mmoja aliyekuwa na meza ya magari ya moshi. Mzee yule aliigeuza injini chini juu, akaitazama muda mrefu, kisha akaanza kuniuliza maswali. Nitawapeni maswali hayo kama nilivyoyapata, kwa kuwa elimu yote ya kazi hii imo ndani yake.

SWALI LA KWANZA: NANI ALIYEITENGENEZA?

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Katika mji wa Göppingen, Ujerumani, mwaka 1859 ilianzishwa kampuni ya Märklin, nayo mwanzoni ilitengeneza vyombo vya bati vya jiko la wanasesere. Mwaka 1891 ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig gari la moshi la springi lenye reli zilizoweza kuongezwa kidogo kidogo, na vipimo vya upana wa reli vilivyopewa namba. Huo ulikuwa werevu mkubwa. Kabla ya hapo mtoto alipewa kitu kimoja na mambo yakaisha. Tangu hapo kila sikukuu alitaka kipande kingine cha reli, na kila kipande kilipatana na vya zamani.

Marekani, Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni ya Lionel mjini New York mwaka 1900. Kigari chake cha kwanza cha umeme kilikusudiwa kuzunguka katika dirisha la duka ili kuwavuta wapita njia. Wapita njia walivutwa kweli, lakini walitaka kununua kigari chenyewe.

Uingereza, jina kubwa ni Frank Hornby wa Liverpool, aliyezaliwa mwaka 1863. Alikuwa karani wa ofisi, si mhandisi. Alikata vipande vya bati na kuvitoboa matundu, ili wanawe waweze kuviunga kwa nati na bolti na kujenga madaraja na winchi. Mwaka 1901 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, nao ukaja kujulikana duniani kwa jina la Meccano. Mwaka 1920 kiwanda chake kilianza kuuza magari ya moshi ya springi, na yale ya kwanza yaliungwa kwa nati na bolti vivyo hivyo, hata mtoto aliweza kuyafungua na kuyaunga tena. Hornby aliingia Bungeni mwaka 1931, akafa mwaka 1936. Kiwanda chake cha Binns Road, Liverpool, kilifungwa mwaka 1979.

Injini ya rafiki yangu ilikuwa kazi ya Hornby. Mzee alilijua jambo hilo kabla hajavaa miwani.

SWALI LA PILI: NI YA KIPIMO GANI, NA YA WAKATI GANI?

Reli yetu ya Uganda ina upana wa mita moja, yaani milimita 1000 kati ya chuma na chuma. Reli za Uingereza zina milimita 1435. Magari ya kuchezea nayo yana vipimo vyake. Kipimo cha 1 kina milimita 45. Kipimo cha O kina milimita 32. Na kipimo kidogo cha OO kina milimita 16.5. Hornby walianza kutengeneza kipimo hiki cha OO mwaka 1938, wakakiita Dublo. Kadiri nyumba za watu zilivyokuwa ndogo, ndivyo magari yalivyopunguzwa ili yatoshe juu ya meza.

Ama wakati, huo hutafutwa kwa alama. Mwaka 1923 makampuni mengi ya reli ya Uingereza yaliunganishwa yakawa manne makubwa, na mwanzoni mwa mwaka 1948 yakawa mali ya serikali. Injini yangu, kabla sijaikwangua, ilikuwa na neno “Southern” ubavuni, nalo ni jina la mojawapo ya makampuni yale manne. Basi haikuweza kuwa ya kabla ya 1923. Lakini jihadharini: kiwanda cha Hornby kiliendelea kuandika majina ya zamani kwa miaka kadhaa baada ya 1948. Jina peke yake halitoi mwaka. Mkusanyaji hutazama pia vyungio vya mabehewa, magurudumu, na katalogi zilizotolewa na kiwanda kila mwaka. Ni kazi kama ya askari wa upelelezi.

SWALI LA TATU: RANGI HII NI YA KIWANDANI?

Hapo ndipo uso wangu ulipopata joto. Mzee alinionyesha jinsi ya kutazama. Bati la injini hushikwa na ndimi ndogo zipitazo katika matundu na kukunjwa upande wa pili. Rangi iliyopakwa upya mara nyingi hujaa katika mikunjo hiyo, au hupasuka mahali ndimi zilipofunguliwa. Chini ya tumbo la injini, mahali ambapo mtoto hapatazami, hubaki doa la rangi ya kwanza. Maandishi ya kiwandani huwa laini na sawasawa. Ya mkono hutetemeka. Namba zangu nne hazikutetemeka tu, zilikuwa zikicheza ngoma.

Je, kwa nini rangi iliyobanduka ithaminiwe kuliko rangi mpya? Hata mimi niliuliza. Mzee alinijibu kwamba rangi mpya anaweza kuipaka mtu ye yote, leo au kesho. Bali rangi ya kwanza ilipakwa mara moja tu, na ikiisha imekwisha. Tena injini iliyochubuka pembeni inatueleza kwamba mtoto fulani aliipitisha chini ya kiti. Ukiisugua, unayafuta maandishi katika kitabu ambacho hakina nakala.

SWALI LA NNE: CHUMA NI KIZIMA?

Katika miaka ya 1930 viwanda vingi vilianza kusubu magurudumu na sehemu nyingine kwa mchanganyiko wa zinki. Ulikuwa rahisi na ulitoa umbo zuri. Lakini mara nyingine risasi kidogo iliingia ndani ya mchanganyiko huo. Baada ya miaka, bila kuguswa na mtu, chuma cha namna hiyo huvimba, hupasuka nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, na mwisho huvunjika vipande kama biskuti. Ugonjwa huu hauna dawa. Injini iliyotunzwa kabatini katika pamba kwa miaka 50 yaweza kufa, na nyingine iliyochezewa kila siku ikaishi, kwa sababu tu ya uchafu ulioingia katika chungu cha msubuji siku ile. Magurudumu ya injini yangu yalikuwa mazima. Nilishukuru kwa hilo moja.

SWALI LA TANO: BOKSI LIKO WAPI?

Nilidhani anataka kitu cha kuifungia. Kumbe boksi la karatasi ni nusu ya habari. Mtoto alipopewa zawadi hulichana boksi na kulitupa. Ndiyo sababu maboksi yamekuwa machache kuliko injini zenyewe, na wako wanunuao boksi tupu kwa fedha nyingi. Lakini si hilo tu. Katika maboksi mengi ya Hornby ya zamani wapiga chapa waliandika pembeni herufi na tarakimu ndogo, zinazoonyesha maboksi mangapi yalipigwa chapa, mwezi gani na mwaka gani. Basi mwenye boksi anao ushahidi wa karibu kabisa wa umri wa kilichomo.

Nilikumbuka vizuri kwamba palikuwa na tarakimu kama hizo katika boksi lile jekundu. Nilikuwa nimeziona nikiwa nimelala sakafuni kwa rafiki yangu. Lakini sikukumbuka hata moja. Mwaka wa injini ile ulipanda na moshi wa sigiri, nami ndiye niliyeupandisha. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

KITU HUWAJE ADIMU?

Wengi hudhani ya kuwa kila kilicho cha zamani ni adimu na cha thamani. Sivyo. Magari ya springi ya bei nafuu yalitengenezwa kwa wingi mno, na hata leo mengi yanapatikana kwa fedha ndogo. Kitu huwa adimu kwa sababu nyingine, nami nitazitaja tatu.

Sababu ya kwanza ni bei ya zamani. Mwaka 1937 Hornby walitoa injini kubwa ya umeme ya kipimo cha O iitwayo Princess Elizabeth, kwa bei ya shilingi 105 za Kiingereza. Hizo zilikuwa fedha nyingi sana kwa kitu cha mtoto, wakanunua wachache.

Sababu ya pili ni matukio. Magari ya Dublo ya 1938 yaliuzwa ya aina mbili, ya umeme na ya springi. Vita vilipoanza mwaka 1939, haukupita muda mrefu kiwanda kikageuzwa kufanya kazi za vita. Vita vilipokwisha, Dublo za umeme zilirudi, za springi hazikurudi tena. Basi zile za springi ni za muda mfupi tu, na mkusanyaji akiiona moja hushika pumzi.

Sababu ya tatu ndiyo ya ajabu kuliko zote, nayo ni kukataliwa. Mwaka 1957 kampuni ya Lionel ilidhani wasichana watapenda gari la moshi la rangi zao. Ikatengeneza seti yenye injini ya waridi na mabehewa ya rangi laini. Wasichana waliikataa, kwani msichana atakaye gari la moshi hutaka lifanane na gari la moshi. Seti ile ikakaa madukani. Kwa sababu haikununuliwa, imekuwa adimu, na leo watu wazima huitafuta kwa udi na uvumba. Imetafutwa mpaka nakala zake zimetengenezwa, na mnunuzi asipokuwa na macho atauziwa nakala kwa bei ya kitu cha asili.

Kwa hiyo wakusanyaji wameunda vyama vya kufundishana na kulinda ukweli wa vitu hivi. Marekani chama kimoja kikubwa kilianzishwa mwaka 1954, na cha wapenzi wa Hornby kilianzishwa Uingereza mwaka 1969. Wanachama huandika kila tofauti waionayo, hata ya skurubu moja, ili mwongo asipate mahali pa kujificha.

JARIBU LANGU

Mzee alipomaliza maswali yake alinieleza hesabu kwa upole. Kama ingekuwa na rangi yake na boksi lake, alisema, ningeweza kuiuza na kununua koti zuri la majira ya baridi. Kama ilivyo, thamani yake ni chai na mkate.

Nikamshukuru, nikaondoka. Mlangoni mtu mwingine, aliyekuwa amesimama karibu na kusikiliza, alinigusa bega. Akaniambia kwamba yeye anajua kutoa rangi ya geti bila kugusa bati. Ataipaka kijani, ataandika “Southern” kama ilivyokuwa, ataichubua pembeni kidogo ili ionekane ya zamani, na boksi jekundu la umri huo atalipata. Tutauza tugawane. “Hapana atakayejua,” alisema, “na kwani si kweli kwamba ilikuwa hivyo?”

Nataka kusema kweli mbele yenu. Ulikuwa mwezi wa Desemba, nami sikuwa na koti. Maneno yake yalikuwa na utamu, kwani injini ile hakika ilikuwa kijani, na hakika ilikuwa na boksi jekundu. Nilisimama pale mpaka taa za jumba zikaanza kuzimwa. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Lilikuwa neno la baba yangu. Injini haikuwa yangu niiuze, wala uwongo usingenirudishia kile nilichokichoma. Nilimwambia hapana, nikaenda zangu na baridi yangu.

Usiku ule niliandika karatasi ndogo: “Ilikuwa kijani. Ilipakwa rangi hii Tororo, mwaka 1973, na mvulana asiyejua.” Nikaibandika kwa uzi chini ya tumbo la injini, na ipo mpaka leo. Kwa kuanzia na karatasi hiyo nikawa mkusanyaji. Tangu hapo kila injini niliyoipata, kwa kudunduliza fedha kidogo kidogo, nimeiandikia daftari: nimeipata wapi, kwa nani, kwa bei gani, ina kilema gani. Sasa ninazo 11, na hakuna hata moja ya fedha nyingi.

MAAGIZO KWA ANAYETAKA KUANZA

Sikwambieni mwende Uingereza. Lakini atakayekuta kitu cha namna hii, katika kabati la babu au sokoni, ashike haya.

Usikisugue, usikioshe, usikipake rangi. Kipanguse vumbi kwa brashi laini, basi. Gurudumu likiwa zito, tia tone moja la mafuta mepesi kwenye ekseli, si mawili.

Usizungushe ufunguo mpaka mwisho, wala usiiache springi imekazwa wakati wa kuiweka. Springi nayo huchoka.

Usichomeke gari la umeme la zamani katika soketi ya nyumbani. Gari la kwanza la umeme la Hornby, la mwaka 1925, lilitumia umeme wa nyumba kupitia taa ya kupunguza nguvu, na hata wakati ule ilikuwa hatari, wakalibadili haraka. Tena ngozi ya nyaya za zamani imekauka na kupasuka.

Usimpe mtoto mdogo atie mdomoni. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Wewe mwenyewe nawa mikono.

Boksi liweke mbali na jua, na usilibandike kwa ile gundi ya utepe, kwani huacha madoa. Huku kwetu adui mkubwa ni unyevu na mchwa. Weka vitu juu ya rafu ya chuma isiyogusa ukuta, pamoja na vile vifuko vya chembe ndogo za kunyonya unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu. Tazama kila juma; mchwa hana sikukuu.

Mwisho, andika. Andika jina la aliyekupa, mahali na siku. Usitegemee kichwa chako. Mimi nilitegemea cha kwangu.

Na kama huna gari la moshi la Hornby, tazama nyumbani kwenu. Pengine iko taa ya mkono ya reli, au kofia ya mtu wa stesheni, au tikiti ya treni yenye jina la East African Railways, shirika lililovunjika mwaka 1977. Pengine liko gari la kopo la samaki alilolitengeneza baba yako. Siku watu wanapoacha kuvijali vitu hivi ndiyo siku vinapoanza kuwa adimu, na aliye na akili huanza kuvitunza siku hiyo.

Sasa nina neno moja la kumalizia, nalo ndilo lililonifanya nikubali ombi la Mhariri. Gazeti hili huwafikia wanafunzi wa zamani walio mbali, hata ng'ambo. Yuko mmoja aliyeketi nami dawati la tatu upande wa dirisha, mwaka 1972. Nilimtafuta katika Leicester, ambako watu wengi waliotoka Uganda walikaa, wala sikumpata. Jina lake sitaliandika. Yeye mwenyewe akisoma atajijua. Ndugu yangu, injini yako ipo. Rangi nimeiharibu, na boksi nimelichoma, na sababu zote nimezieleza hapa. Lakini ufunguo haukupotea, na juzi Jumapili niliuzungusha nusu: injini ilizunguka duara mara mbili, ikasimama chini ya kiti. Kama utakumbuka zile tarakimu ndogo zilizokuwa pembeni mwa boksi, niandikie kupitia kwa Mhariri, nipate kujaza daftari.

Wasalaam,
Mimi, mwanafunzi wa zamani,
Tororo.